Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Tutajieni mwaka wa mwisho wa gesi kabla ya kusaini Likong'o

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Dodoma.
Nakala: Waheshimiwa Wabunge wa Nachingwea na Ruangwa, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC).

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nachingwea, mbali na bahari na mbali na kisima chochote cha gesi. Huku hatuna mtambo wala bomba, na wahandisi wenye kofia ngumu tunawaona kwenye taarifa ya habari tu. Lakini mkoa wetu ni Lindi, na kwa zaidi ya miaka kumi kila kiongozi anayepanda jukwaani mkoani humu ametuahidi maisha mapya yatakayoletwa na kiwanda cha kusindika gesi asilia pale Likong'o. Vijana wa Ruangwa wameambiwa wajiandae kwa ajira, na wenye akiba wameshauriwa wanunue viwanja Lindi mjini mapema kabla bei haijapanda.

Mimi nakuja na ombi linalokwenda kinyume na ahadi hizo, na nakusihi ulisome hadi mwisho kabla hujaniweka kwenye kundi la wapinga maendeleo. Naomba Serikali isisaini mkataba wa Likong'o. Naomba isigawe vitalu vipya vya mafuta na gesi, vikiwemo vile 26 vilivyotangazwa mwaka 2025, vitatu kati yake vikiwa Ziwa Tanganyika. Na naomba itaje kisheria mwaka ambao Tanzania itaacha kabisa kuchimba gesi.

Sisemi visima vya Songo Songo na Mnazi Bay vifungwe kesho asubuhi. Najua mitambo ya Kinyerezi na Ubungo inaendeshwa kwa gesi hiyo, na taa zetu huku kusini zimewashwa kwa miaka mingi na mtambo wa gesi wa Mtwara. Mtu hazimi taa ya nyumba yenye mgonjwa. Ninachosema ni kwamba kilichopo kipewe ukomo, na kipya kisianzishwe.

Nieleze kwa nini sauti hii inatoka Nachingwea na si Kilwa au Mtwara.

Sisi tumekulia ndani ya mabaki ya mradi mkubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa imebanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa kulima karanga kwenye eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Ikajengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kuja hadi hapa. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, ambayo leo inapakia korosho, ilizaliwa na mradi huohuo. Kisha Januari 1951 London ikatangaza kwamba basi. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli iliendelea kujikongoja miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa, mataruma na vyuma vyote, ikabaki njia yake tu ambayo wazee huwaonyesha wajukuu. Mashamba ya mradi yalikuwa na namba. Moja kati ya hayo, Farm 17, ndilo walilopewa baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO kuwa kambi ya mafunzo, na hapo Samora Machel aliandaa vita vya kuikomboa Msumbiji. Hilo ndilo zao kubwa lililowahi kutoka kwenye ardhi ya karanga, na hakuna mtaalamu wa London aliyelipanga.

Waliopanga mradi ule hawakuwa wajinga, Mheshimiwa. Walikuwa na ripoti, wanahesabu na ramani. Lakini udongo haukuwa vile ripoti ilivyosema, mvua haikunyesha kama ramani ilivyotaka, na soko waliloliona mwaka 1946 halikuwasubiri. Hesabu zilipogoma, wenye mradi walifunga vitabu vyao na kurudi kwao. Mmwera aliyekatiwa pori lake hakuwa na kwao kwingine kwa kurudi.

Sasa tuitazame Likong'o. Gesi yenyewe ipo, hilo halina ubishi: hesabu za Serikali zinataja zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari ya kina kirefu. TPDC imetwaa zaidi ya hekta 2,000, na wananchi wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo walianza kulipwa fidia mwaka 2020. Juni 2022 yalisainiwa makubaliano ya awali na kampuni zikiongozwa na Equinor na Shell. Gharama inayotajwa ni dola bilioni 42. Tangu hapo kila mwaka tunasikia kwamba mazungumzo yako ukingoni.

Lakini wenye mradi wenyewe wamekwisha kutupa ishara. Januari 2021 Equinor ilifuta dola milioni 982 kwenye vitabu vyake kwa ajili ya mradi huu, ikieleza kuwa faida yake haijatosha kuufanya ubaki kwenye mizania. Miezi minne baadaye Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo liliundwa na nchi tajiri ili kulinda usalama wa mafuta yao, likasema kuwa dunia ikitaka kufikia lengo lake la kutoongeza tena hewa ukaa angani ifikapo 2050, hakuna haja ya maeneo mapya ya kuchimba mafuta na gesi zaidi ya yaliyokwisha kuidhinishwa. Japani na Korea Kusini, wateja wakubwa wa gesi ya meli, wamejifunga kufikia lengo hilo mwaka 2050. China imetaja 2060. Kiwanda cha aina hii kinachukua miaka mingi kujengwa, kisha kinahitaji miongo miwili au mitatu kurudisha mtaji. Kikianza kujengwa leo, tutakuwa tunatafuta wateja wakati ahadi za wateja hao zinawataka wapunguze kununua. Hapo namwona mtoto anayezaliwa leo Hospitali ya Wilaya ya Ruangwa: atakuwa mtu mzima, mlipa kodi, na deni la kiwanda kisicho na soko litakuwa linamsubiri mezani.

Utaniambia, basi soko likianguka tutavunja mkataba. Kwa hilo pia Nachingwea ina ushahidi.

Wilayani kwetu kuna mahali panaitwa Ntaka, penye madini ya nikeli. Kampuni za kigeni zilitafiti huko kwa miaka, zikapewa leseni ya kuhodhi eneo. Mwaka 2017 Bunge lilibadili Sheria ya Madini, na kanuni za mwaka 2018 zikafuta leseni za aina hiyo. Sababu za Serikali zilieleweka: ardhi haiwezi kushikwa miaka na miaka bila kuchimbwa. Lakini wawekezaji wakaenda Washington, kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Julai 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata Serikali ikakubaliana nao kulipa dola milioni 90. Mojawapo ya kampuni zilizotushitaki ilisajiliwa Uingereza na inaitwa Nachingwea UK Limited. Jina la wilaya yetu lilisomwa mahakamani upande wa wanaodai, wakati wanaolipa ni sisi. Hakuna gramu moja ya nikeli iliyokuwa imeuzwa.

Kama leseni ya kuhodhi kilima kimoja imetugharimu dola milioni 90, mkataba wa dola bilioni 42 utatugharimu nini siku tutakapotaka kuubadili? Siku Bunge litakapotunga sheria ya hewa ukaa, au kodi ya methane, au sheria tu ya kulinda bahari, tutaitwa wapi na kudaiwa kiasi gani? Kukataa kusaini hakuna faini. Faini huja baada ya saini.

Viongozi mmetufundisha kwa miaka mingi, tena kwa ukali, kwamba kangomba ni kosa. Mlanguzi anakuja shambani mikorosho ikiwa bado ina maua, anamkuta mkulima ana shida ya ada au ya matibabu, anampa hela kidogo, na msimu mzima unakuwa umekwenda. Mkuu wa wilaya akisikia, anakamata. Nami nasema mkataba unaosainiwa leo kwa sababu Hazina ina shida leo, huku ukifunga misimu thelathini ya watu ambao hawajazaliwa, unastahili kuangaliwa kwa jicho lilelile.

Na kwa kuwa nimeitaja mikorosho, niseme linalotuuma zaidi. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, pamoja na Liwale, zinauza korosho na ufuta kupitia chama kikuu cha RUNALI. Mkorosho unahitaji ukavu wakati wa kutoa maua, kuanzia kama Juni na Julai, na ukavu tena wakati wa kuangusha. Ikinyesha mvua isiyo na wakati, maua yanapukutika na ugonjwa wa ubwiri unga unashamiri, hata kama umepuliza salfa mara zote ulizoelekezwa. Ikinyesha wakati wa mavuno, korosho zinalala chini na unyevu, ganda linapoteza rangi, na ukifika ghalani mpimaji anazipasua chache kwa mkasi, anaangalia, anazisogeza pembeni. Daraja la pili. Mkulima anasimama pale na gunia zake hajui amkasirikie nani. Bei ya mnada inatangazwa, na yake si hiyo.

Siwezi kukuambia kwamba mvua ya siku fulani imeletwa na kisima fulani. Naweza kukuambia kwamba wanasayansi wa dunia nzima wamekubaliana kuwa uchomaji wa makaa, mafuta na gesi ndiyo sababu kubwa ya joto hili, na kwamba methane, ambayo ndiyo gesi yetu yenyewe, ikivuja kabla ya kuchomwa inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa katika miaka 20 ya mwanzo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mafuriko yalikata barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Magari ya mizigo yalipanga foleni upande ule, abiria wakalala njiani, na huku bidhaa madukani zikapungua. Wazee wanakumbuka kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952. Wao walikihesabu kuwa tukio la maisha mara moja. Kizazi hiki kimekwisha kuona Kenneth mwaka 2019 kikipita jirani kabisa, na Hidaya miaka mitano tu baadaye.

Hoja inayorudishwa kila tunapouliza ni nishati safi ya kupikia. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ni hoja nzuri inayotumika vibaya.

Mei 2024 Mheshimiwa Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho ya mama zetu yalivyo mekundu. Lakini nenda stendi ya Ruangwa saa tano asubuhi, wakati mama lishe wanaandaa chakula cha mchana. Mmoja ninayekula kwake ana mtungi wa kilo sita, wa kijani, umesimama chini ya meza na juu yake ameweka ndoo ya vyombo. Mtungi ni mtupu. Wali unaiva kwenye jiko la mkaa, na mkaa mwingine mwekundu umepangwa juu ya mfuniko. Mtungi alipata kwa bei ya ruzuku. Kuujaza ndiyo shida, maana hela ya kujaza inatakiwa yote kwa mkupuo, na yeye mkaa ananunua kwa kopo kila asubuhi kutokana na faida ya jana.

Na hata siku ulipokuwa umejaa, gesi ile haikutoka Songo Songo wala Mnazi Bay. Ni gesi ya petroli iliyoletwa na meli kutoka nje. Gesi asilia yetu haijazwi kwenye mtungi ule. Inahitaji bomba hadi jikoni, na bomba la Mtwara kwenda Dar es Salaam, lenye kilomita 542 na lililozinduliwa 2015, halikupinda kona kuja Nachingwea. Ile ya Likong'o nayo, sehemu kubwa itapozwa hadi iwe kimiminika, ipakiwe kwenye meli na kuuzwa ng'ambo. Kwa hiyo kiongozi anaposema Likong'o itamwondolea mama huyu moshi, anasema jambo lisilokuwepo.

Kinachoweza kumwondolea moshi ni umeme wa uhakika. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na nchi sasa ina umeme mwingi kuliko wakati wowote. Huku kwetu kinachokosekana ni waya imara na nguzo zisizoanguka. Tumeishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, umeme ukikatika katikati ya mkoa unaotoa gesi. Dola chache za zile bilioni 42 zingewekwa kwenye njia za umeme za kusini na kwenye majiko ya umeme ya presha ya mkopo nafuu, mama yule angeacha mkaa ndani ya mwaka. Kishapu, mkoani Shinyanga, Serikali imeanzisha mradi wa umeme wa jua wa megawati 150. Jua la Nachingwea mwezi Oktoba halihitaji utafiti, Mheshimiwa, na mashamba yaliyofyekwa kwa ajili ya karanga yako wazi hadi leo.

Kuhusu neema, tuwaulize majirani. Watu wa Mtwara waliingia barabarani mwaka 2013 wakitaka gesi yao iwanufaishe kwanza. Jeshi lililetwa na watu walipoteza maisha. Miaka imepita, na sijaona mtu wa Mtwara anayesema ahadi zilitimizwa kama zilivyotamkwa. Ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, mradi wa gesi wa mabilioni ulisimama mwaka 2021 baada ya shambulio la Palma, na maelfu ya wakimbizi walioukimbia ukatili huo walifika mpaka wetu. Vita vile vina sababu nyingi, na gesi peke yake haikuvileta. Lakini kijana aliyeona utajiri ukizungushiwa uzio kijijini kwake ni rahisi zaidi kuvutwa na mwenye bunduki.

Najua pia hoja ya haki, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Sisi hatukuichafua dunia. Mchango wetu kwenye hewa ukaa haufiki asilimia moja. Norwei imechimba tangu 1971, imejaza mfuko wake wa taifa, na Serikali ya Norwei inamiliki theluthi mbili za Equinor hiyohiyo inayotaka kuchimba kwetu. Kwa nini tufunge sisi? Jibu langu ni kwamba wao watangulie, na tudai hivyo kwa sauti kubwa. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Desemba 2023, mataifa yote yalikubali kuondoka kwenye nishati za kisukuku kwa haki na kwa usawa. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kuwa nchi inayoendelea kutoa leseni na ruzuku kwa nishati hizo inaweza kuwa inavunja sheria ya kimataifa. Ufaransa imetunga sheria ya kuacha kuchimba ifikapo 2040. Denmark ilisitisha leseni mpya mwaka 2020. Kolombia, nchi isiyo tajiri na inayoishi kwa mafuta na makaa, imejiunga na wanaodai mkataba wa dunia wa kuachana nayo. Tanzania ikiwa na mwaka wake mkononi, itaingia kwenye mikutano hiyo na ankara: hiki tumeacha chini ya ardhi, na ninyi mlipe mnachodaiwa. Bila mwaka, tutakuwa tunaomba msaada kwa mkono mmoja na kutafuta mnunuzi wa gesi kwa mwingine.

Tena hatuondoki mikono mitupu. Ruangwa imekalia kinywe, madini yanayowekwa kwa makumi ya kilo ndani ya betri ya kila gari la umeme. Nachingwea ina nikeli. Dunia inayoacha mafuta inapita hapa hapa kwetu ikitafuta mali. Naomba ukali wote wa kujadili mikataba uhamishiwe huko: kinywe kisafishwe Ruangwa badala ya kupakiwa ghafi bandarini, na wanavijiji wa Matambarale na Chunyu wajue kilichoandikwa kabla greda halijaingia mashambani. Huko nako tunaweza kuibiwa, tusipokuwa macho.

Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na muda huo unatimia Oktoba 2026. Hapo ndipo pa kuanzia. Nyongeza yoyote iandikwe na tarehe ya mwisho isiyoongezeka, na mapato yake yatengwe kwa ajili ya njia za umeme na mafunzo ya vijana wa Lindi na Mtwara. Mwaka wa ukomo kwa nchi nzima mtautaja ninyi wenye takwimu. Mimi napendekeza usipite 2045, ili uingie ndani ya Dira ya 2050 na uwe na mahali pa kupimwa.

Rasimu ya mkataba wa Likong'o ipelekwe bungeni yote, na iwekwe wazi kwa Kiswahili kabla ya saini. Sheria ya uwazi kwenye sekta hii tunayo tangu 2015, na ile ya kupitia mikataba yenye masharti hasi tangu 2017. Waheshimiwa wabunge wetu wawili waje waisome nasi, kwenye uwanja wa mnada wa korosho, siku ambayo wakulima wa wilaya zote mbili tupo. Tutauliza maswali yetu mchana kweupe, na Wizara ilete mtu wa kuyajibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa korosho na ufuta,
Nachingwea, Lindi.